Mbao za Vyombo vya Nyumba: Jinsi ya Kuzijua na Kuzichagua

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Kamati imeniagiza niseme nanyi juu ya mbao, kabla mkutano huu haujakata shauri la viti, mabenchi, meza na kabati la vitabu vya ukumbi wetu mpya. Shauri hili limekwisha zungumzwa mara mbili bila kumalizika. Upande mmoja wako wazee wetu, watakao kila chombo kiwe cha mvule, kwa kuwa mvule ni mti wa heshima na mchwa hauwezi. Upande wa pili wako vijana wetu, wasemao tununue vyombo vilivyo tayari, vya bei nafuu, kama vile vinavyopangwa kando ya barabara. Pande zote mbili zakitakia mema Chama. Lakini fedha tutakazotumia zatoka katika sanduku lile lile linalozika wafu wetu na kulipia karo watoto wa wajane. Kiti kikivunjika baada ya mwaka mmoja, si kiti tu kilichovunjika. Ni karo ya mtoto iliyopotea. Kwa sababu hiyo yatupasa kujua tunachokinunua.

Mimi si seremala, ni mtu wa kalamu. Haya nitakayosema nimeyapata kwa mafundi wenyewe na kwa kusoma. Neno langu kubwa ni moja, nalo ni hili: ubao mzuri si ule wenye jina kubwa. Ubao mzuri ni ule uliojulikana ni wa mti gani, uliokatwa katika kiini, uliokaushwa barabara, kisha ukatumiwa mahali panapoufaa. Mambo hayo manne nitayaeleza moja moja.

Jambo la kwanza: kuujua mti

Tuanze na miti ya heshima. Mvule humea hapa Pwani, magharibi ya Kenya, Uganda, Tanzania, na nchi nyingine nyingi mpaka Afrika ya Magharibi. Kiini chake huwa cha rangi ya manjano ukipasuliwa, kisha hugeuka hudhurungi kwa kadiri ya miaka. Haushambuliwi kwa urahisi na mchwa wala na unyevu, na hauharibiki sana umbo ukikauka. Una kasoro zake pia: mara nyingine ndani yake hufanyika mawe ya chokaa yanayokula meno ya msumeno, na unga wake huwasha ngozi na pua za mafundi wengi.

Mbambakofi ni mti wa Pwani, mgumu, mwekundu kidogo, na mzuri kwa milango na fremu. Umo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ingawa umepungua sana kwa kukatwa. Mninga watoka Tanzania, katika misitu ya miyombo. Mti huo ukitiwa shoka hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ubao wake una sifa moja ambayo seremala huipenda kuliko zote: hausinyai sana wala haupindi. Mkangazi, ambao ni wa jamii ya mahogani, ni mwekundu na hupasulika vizuri. Msaji asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani za Asia. Tangu zamani uliletwa kwa majahazi ukafanywa milango na vyombo vya pwani hii. Wajerumani wakaupanda katika nchi ya Tanga, na mpaka leo liko shamba kubwa la misaji huko Longuza, wilaya ya Muheza.

Mpingo ni mweusi, tena mzito hata kipande chake huzama majini. Viti vya enzi vya Lamu na Pate, vile vyenye mgongo mrefu na nakshi za pembe, vilifanywa kwa mbao nyeusi za namna hiyo, na mpaka leo waweza kuviona katika majumba ya makumbusho. Lakini mpingo ni mti mwembamba na hukua polepole mno. Haukupata kuwa mti wa kabati wala wa benchi. Muhugu nao ni mgumu, wenye harufu nzuri, nao ulitumiwa kwa sakafu za nyumba kubwa na kwa vinyago.

Wenzetu wa bara wanayo miti yao. Uko mutarakwa, yaani mwerezi wa milima yetu, wenye harufu ifukuzayo wadudu. Uko podo, mweupe na laini, uliojaa katika nyumba za miaka ya 1950 na 1960, ila mchwa waupenda sana. Uko muuru wa Meru, upatikanao pande za Mlima Kenya, ambao ubao wake una mistari ya kupendeza. Uko siala wa pande za Ziwa, ambao nguzo zake mchwa huzishindwa.

Sasa nije kwenye miti ya kupandwa, maana hiyo ndiyo inayotulisha leo. Msaipresi asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati, nao ulipandwa nyandani za juu za Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20. Ubao wake ni mwepesi, wa rangi ya manjano iliyofifia, una harufu nzuri, na misumari huingia bila taabu. Kasoro yake ni mafundo mengi, hasa kama miti haikupogolewa ilipokuwa michanga. Msonobari, ambao wengi huuita paini, hufanana nao kwa matumizi. Siku hizi paini nyingi huja kutoka Tanzania, ambako kuna shamba kubwa la Sao Hill huko Mufindi. Mgrevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima, ulitoka Australia ukapandwa kuwa kivuli cha kahawa na chai. Watu wengi huudharau kwa kuwa umo katika kila mpaka wa shamba, lakini ubao wake ukipasuliwa vema huonyesha madoa ya kung'aa yapendezayo kama nakshi. Mkaratusi una nguvu nyingi, ila hupasuka na kupinda vibaya ukikaushwa kwa haraka. Mwembe na mwarobaini wa hapa Pwani nao hutumika, mradi mbao zisiachwe zikae mbichi mahali pasipopita hewa, ambapo ubao wa mwembe hasa huingiwa na ukungu na wadudu.

Mti wa mwisho nitakaoutaja ni mukau, wa nchi kavu za Ukambani na kwingineko. Huo ni mti wetu wenyewe. Ubao wake hulinganishwa na mahogani, mchwa hauwezi, na hufaa kupasuliwa mbao kwa muda wa miaka 10 mpaka 15 hivi. Mbegu zake zilikuwa taabu kuotesha, lakini Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imefanya kazi nyingi huko Kitui kuondoa taabu hiyo.

Kwa nini nimewachosha kwa majina? Kwa sababu wako wauzaji wanaoupaka msaipresi au mkaratusi rangi nyekundu wakauita mahogani, na bei ikapanda kwa rangi hiyo. Mnunuzi ageuze chombo akitazame chini, mahali pasipopakwa. Akwaruze kidogo, anuse, apime uzito kwa mkono. Msaipresi utajitaja wenyewe kwa harufu.

Jambo la pili: kiini na weupe

Gogo likikatwa, mara nyingi utaona sehemu mbili: katikati pana rangi nzito, na pembeni, karibu na gome, pana mviringo wa rangi nyeupe. Ya katikati ni kiini. Ya pembeni ni weupe, yaani sehemu ambayo mti ulipokuwa hai ilipitisha maji na kuweka chakula chake. Chakula hicho ndicho wanachokifuata wadudu wanaobungua mbao, wale ambao huacha matundu madogo na unga mwembamba sakafuni.

Basi lielewekeni neno hili, wazee wangu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sifa zote tunazozijua za mvule ni sifa za kiini chake. Weupe wa mvule hauna kinga hiyo. Mtu aweza kulipa bei ya mvule, akapewa mti wa mvule kweli, na mchwa wakala mguu wa meza kwa sababu mguu huo ulichongwa katika weupe. Muuzaji hakusema uongo, na mnunuzi amepata hasara.

Jambo la tatu: kukauka

Mti ukianguka umejaa maji. Katika miti mingi, uzito wa maji hayo hupita nusu ya uzito wa mti mkavu, na mara nyingine huwa sawa nao au zaidi. Maji yakitoka, ubao husinyaa. Tena hausinyai sawasawa: kwa urefu hausinyai karibu kabisa, lakini kwa upana hupungua, na kwa upande ule unaofuata miviringo ya mti hupungua kama mara mbili kuliko upande utokao kiinini kwenda kwenye gome. Hiyo ndiyo sababu ubao mbichi hujikunja kama jani kavu, na viungo vya kiti vikalegea.

Nimepata kuiona meza moja iliyonunuliwa na jamaa zangu kwa ajili ya arusi. Siku ya arusi ilimeremeta. Kabla ya mwaka kwisha, uso wake ulikuwa na ufa ambao kijiko kilipita. Ilikuwa ya mti mzuri, na polishi nzuri. Haikuwa imekauka, basi.

Tena tukumbuke tunakoishi. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi kuliko hewa ya Nairobi. Kabati lililofanywa hapa kwa mbao zilizozoea hewa hii, likipelekwa Nairobi, litasinyaa tena. Na lililofanywa kule likiletwa hapa, milango yake itavimba na kukwama. Na vile vyombo vya mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, vinavyouzwa madukani vikiwa na uso wa kung'aa, vikipata unyevu hujaa kama mkate, na skrubu hazishiki tena. Nyumba ya Pwani isiyo mbali na bahari si mahali pake.

Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba ubao mgumu hukaa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake kabla ya kufanyiwa chombo. Ubao laini kama msaipresi huweza kuwa tayari kwa miezi michache. Mbao zipangwe juu ya magogo yaliyoinuliwa, chini ya paa, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene sawa ili hewa ipite. Ncha zipakwe rangi zisije zikapasuka. Viko pia viwanda vyenye matanuri ya kukaushia, yafanyayo kazi hiyo kwa siku au majuma.

Liko jaribio ambalo kila mmoja wetu aweza kulifanya. Kata kipande kidogo, si kwenye ncha bali ndani, maana ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani. Tuseme ni gramu 600. Kitie katika tanuri ya moto wa digrii 100 na kidogo, ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme ni gramu 500. Maji yaliyotoka ni gramu 100. Gawanya 100 kwa 500, uzidishe kwa 100: jibu ni 20. Yaani ubao huo una maji ya asilimia 20, nao bado haufai kwa chombo cha nyumba. Ungeanza kwa gramu 560 na kuishia 500, jibu lingekuwa 12, nao ungefaa. Kwetu Pwani tutafute kati ya 12 na 15. Hesabu hii ni ya mtoto wa shule, lakini yaweza kutuokolea shilingi nyingi.

Jambo la nne: kila mti na mahali pake

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwunda jahazi hatumii mti mmoja kwa jahazi zima; mkuku una mti wake, mbao zina mti wake, na mlingoti una mti wake. Kadhalika katika nyumba. Kinachogusa ardhi na maji chataka mti ambao mchwa hauwezi. Kinachobeba uzito chataka mti mgumu. Lakini rafu ya kabati, mgongo wa kiti, au uso wa benchi lililo ndani ya nyumba kavu havihitaji mvule. Kuweka mvule hapo ni kama kumvisha kanzu ya arusi mtu aendaye kulima.

Na hapa yanibidi kusema neno zito kidogo kwa wazee wangu, kwa heshima zote. Mvule wa ujana wenu haupo tena kwa wingi ule. Hauoteki kwa urahisi katika mashamba makubwa, maana yuko mdudu mdogo ambaye huvimbisha na kuua machipukizi yake. Mti wa kiume ni mbali na mti wa kike. Ukikatwa mmoja uliobakia karibu, mwenzake hubaki tasa. Mbao nyingi za mvule na mahogani zinazouzwa Kenya leo zimevuka mipaka, nyingi zikitoka Kongo, na ndiyo sababu bei yake hupanda. Mpingo nao, pamoja na jamii yake yote, tangu mwaka 2017 umo katika orodha ya mapatano ya mataifa ya kusimamia biashara ya viumbe vinavyopungua.

Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwaka 2023 Rais alitangaza kuliondoa katazo hilo, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Katika miaka hiyo yote, mafundi walihangaika kutafuta mbao. Tena kusafirisha mbao kwataka hati ya Shirika la Huduma za Misitu. Chama kilichoandikishwa, chenye vitabu vya hesabu, hakiwezi kununua mbao usiku kwa mtu asiye na hati. Leo tutaziita rahisi, na kesho tutaitwa kituoni kuzieleza.

Mfano mwema tunao hapa hapa Mombasa. Wachongaji wa vinyago walikuwa wakitumia mpingo na muhugu. Ilipokuwa taabu kuvipata, wengi waligeukia mwarobaini, mwembe, na mgrevilea. Vinyago havikuacha kununuliwa, na watoto wa wachongaji hawakuacha kula.

Shauri langu

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa Kamati imeniruhusu kutoa maoni, nayatoa, na mkutano utaamua.

Kwanza, meza ya Mwenyekiti na wazee iwe ya mvule, ya kiini kitupu, iliyonunuliwa kwa hati. Heshima ya wazee ni heshima ya Chama, na meza moja itaishi kuliko sisi sote. Miguu ya mabenchi nayo, kwa kuwa husimama sakafuni panapopigwa maji kila juma, iwe ya mvule, mbambakofi, au mukau tukiupata.

Pili, nyuso za mabenchi, viti, na kabati la vitabu viwe vya msaipresi au mgrevilea uliokauka. Mgongo wa kabati uwe wa plaiwudi, na kabati liinuliwe lisiguse ukuta wala sakafu.

Tatu, tusinunue vilivyo tayari barabarani. Siwadharau mafundi wa huko. Wako wenye mikono ya ajabu. Lakini chombo kilichokwisha pakwa rangi hakisemi ndani yake mna nini. Tumwite fundi, tuandikiane karatasi yenye mambo matano: jina la mti, unene wa ubao, maji yasiyozidi asilimia 15, viungo vya ulimi na tundu wala si misumari mitupu, na malipo kwa mafungu matatu, fungu la mwisho likilipwa miezi mitatu baada ya kuletwa vyombo, tukiisha kuona kwamba havikupasuka. Fundi mwaminifu hataiogopa karatasi hiyo. Na fundi akisema angoje mbao zikauke, tusimharakishe. Haraka haraka haina baraka. Tutakaa juu ya viti vya kukodi kwa miezi michache, na si aibu.

Nne, kila mwanachama aendapo likizo nyumbani apande miti: mukau kwa watokao nchi kavu, mgrevilea na muuru kwa watokao milimani, siala kwa watokao Ziwani, mwarobaini na mwembe kwa sisi wa Pwani. Na palipo na mvule mmoja uliobaki kijijini, mwenye nao ausaze. Mukau atakaoupanda baba leo utakuwa kitanda cha arusi cha mwanawe ambaye hajaanza shule.

Wazee wangu, ninyi mlitukuta hatuna ukumbi, mkachanga shilingi kwa shilingi mpaka kuta zikasimama. Vijana wenzangu, ninyi ndio mtakaovikalia viti hivi muda mrefu zaidi. Si lazima upande mmoja ushinde na mwingine ushindwe. Wazee wataka kitu cha kudumu. Vijana wataka fedha zisipotee. Ubao uliochaguliwa kwa akili hutimiza yote mawili.

Karatasi ya bei za mafundi watatu iko mezani kwa Mtunza Hazina, na kila mwanachama yuko huru kuitazama kabla ya kupiga kura.